Slaidi Haisubiri

Dirisha la dawa la zahanati ya Kwemdimu halikuwa na mtu nyuma yake. Lilikuwa na kioo, tundu la kutolea dawa, na sauti ya mwanamke asiyekuwepo popote, sauti laini ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Siwema aliweka bangili yake kwenye kioo kwa mara ya tatu.

"Siwema Mhina, umechanjwa dhidi ya minyoo, wewe ni safi," sauti ikasema. "Vidonge vya minyoo havitolewi kwa mkazi aliyechanjwa mpaka cheti cha Ukanda kitoke. Tafadhali chukua vidonge vya kuongeza damu."

Tundu likatema pakiti ya vidonge vyekundu. Siwema alikuwa na pakiti nne kama hiyo nyumbani, mbili ameshazimaliza.

"Liambie naumwa, Shangazi," akasema, ameegemea ukuta. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na kutoka getini mpaka dirishani alikuwa amepumzika mara mbili.

"Nimeliambia," akajibu shangazi yake. "Naona limeziba masikio."

Huyu shangazi, Tunu Mhina, alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ameitumia kwenye darubini, akisoma vinyesi vya watu. Hakuwa na aibu nayo hata kidogo. Ukimuuliza kazi yake arusini, atakuambia huku sahani ya pilau iko mkononi, na wewe ndiye utakayeshindwa kumaliza yako. Miaka mitatu iliyopita Taasisi ya Kinga ilileta mashine ya kusoma slaidi, watu wakaiita Jicho, na Tunu akapandishwa cheo kuwa Mshauri Mkuu wa Usomaji. Akapewa kiti cha kuzunguka na kibao chenye jina lake. Slaidi hakushika tena.

Sasa aliushika mkono wa Siwema akaugeuza. Kiganja kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Akamvuta kope ya chini: ndani nyeupe. Karatasi ya kliniki ilisema damu tano nukta moja, na mwezi uliopita ilikuwa sita na nusu, pamoja na vidonge vyote hivyo vyekundu. Kwa damu ile, mwanamke akijifungua akavuja kidogo tu, hakuna wa kumrudisha. Tunu alilijua hilo vizuri, na alijua pia kwamba zimebaki wiki saba au nane.

Akaangalia benchi la kliniki. Walikaa wajawazito wanane wengine, wote vibarua wa mashamba ya michungwa, wale wanaopalilia peku asubuhi ardhi ikiwa bado mbichi. Wote walikuwa wamechoka namna moja. Mmoja alifungua pindo la khanga, akamega kipande cha udongo, akampa jirani yake, naye akapokea akatafuna bila kuuliza. Kila mtu husema hiyo ni hamu ya mimba. Tunu naye alikuwa akisema hivyo, miezi mingapi sasa, anapita hapa na kikombe chake cha chai akiwasalimia.

Minyoo ya safura huingilia nyayoni, ikapanda mpaka utumboni, ikang'ata pale ikanyonya. Aliwahi kulifundisha hilo darasa zima la wanafunzi. Akaona joto la hasira likimpanda shingoni, na hakujua bado amkasirikie nani.

"Siwema," akasema, "nenda chooni, uniletee choo."

"Hapa hapa, Shangazi?"

"Hapa hapa. Na usijitie haya, nilikuosha mimi ukiwa mtoto."

*

Maabara ya zamani ilikuwa imegeuzwa stoo. Siku hiyo ilijaa mabango ya sherehe: SIKU TISINI BILA YAI HATA MOJA. Saa nane mchana Baraza la Chanjo lilikuwa linakuja kutoa cheti kwa Ukanda wa Kwemdimu, na cheti kikitoka hapa, chanjo ingefunguliwa kwa nchi kumi na moja. Tunu alisogeza mabango kwa mguu. Darubini yake aliikuta chini ya meza, imefunikwa khanga kuukuu.

Mikono haikusahau. Choo kidogo juu ya karatasi, wavu juu yake, kijiti kikakandamiza mpaka laini ikapenya juu na makapi yakabaki chini. Akajaza kitundu cha kipimo, akaweka kwenye slaidi, akafunika kwa kipande cha selofani kilicholowa gliserini ya kijani, akabana kwa kioo kingine mpaka uchafu ukatandaa sawasawa. Kazi ya gliserini ni kung'arisha kile choo ili jicho lipite. Akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika tano.

Dakika ya kumi na tano alikuwa ameshayaona. Mayai ya safura, ganda jembamba jembamba, angavu, na ndani yake chembe nne zimejikunyata. Akahesabu. Alipofika mia mbili aliacha, maana hakuwa hata nusu ya slaidi.

Akaketi. Jicho lilikuwa limesoma slaidi za Siwema kila mwezi kwa miaka miwili na kila mwezi limesema sifuri. Jicho haliongopi, alishalijaribu mwenyewe lilipoletwa. Ukilipa yai, linaliona.

Akainama tena kwenye darubini, akabaki hapo. Saa nne kasorobo mayai yalikuwa yamefifia. Saa nne na dakika kumi alizunguka slaidi yote, pembe hadi pembe, hakuna kitu. Ile gliserini iliyong'arisha choo ilikuwa imeyang'arisha na mayai mpaka yakapotea. Yale ya minyoo mikubwa, yenye ganda nene, hukaa hata siku nzima. Ya safura hayasubiri. Kila msomaji wa mkono anajua hilo: safura husomwa ndani ya saa moja, usipowahi umesoma hewa.

Na slaidi za Kwemdimu zilisomwa saa ngapi? Wahudumu wa vijiji waliziandaa saa moja asubuhi. Kisha ile ndege ndogo isiyo na rubani, kipanga, ilizunguka vijiji sita ikikusanya, na haikurudi mpaka trei ijae. Ilitua kwa Jicho saa nne, wakati mwingine saa tano.

Tunu alijisikia akisema "Loo," peke yake mle stoo. Sifuri yote ile. Mabango yote yale.

*

Dokta Hasani Shekalaghe alikuwa mbele ya kioo ofisini kwake, anafunga tai. Alikuwa mkurugenzi wa Ukanda, mtoto wa Kwemdimu hapo hapo, na miaka ishirini nyuma alikuja maabara akiwa mwanafunzi asiyejua kushika kijiti. Tunu ndiye aliyemfundisha.

"Shikamoo, Bi Tunu. Umependeza, ila leo tungevaa sare."

"Marahaba. Hasani, slaidi ya safura inasomwa ndani ya muda gani?"

Mkono ulisimama kwenye tai. Kidogo tu, lakini Tunu aliuona, na hapo hapo moyo ukamwambia.

"Unajua," akasema. "Wewe unajua."

Dokta akafunga mlango kwanza. Kisha akaketi, akamwonyesha na yeye kiti, kama mtu anayetaka kumtuliza mgeni.

"Niligundua miezi mitano iliyopita," akasema. "Nikasoma slaidi mia mbili kwa jicho langu, mbichi, kimya kimya. Chanjo inafanya kazi, Bi Tunu. Inakinga watu sita kati ya kumi. Sita! Hakuna chanjo ya minyoo iliyowahi kufika hapo. Lakini Baraza halipitishi chini ya tisa. Nikisema sita, wanaitupa yote, na wale sita hawapati kitu. Unazijua nchi zinazosubiri? Unajua ni watoto wangapi?"

"Na wanne?"

"Cheti kikishatoka tutarekebisha. Vidonge vitaruhusiwa tena. Miezi sita, minane hivi."

"Siwema ana wiki saba."

Dokta akaikaza tai yake. Tunu alimtazama akiikaza. Miezi mitano mtu huyu amepita mbele ya benchi lile kila asubuhi, akawasalimia wale kina mama kwa majina, akawauliza habari za shamba, na akajua.

"Nani alikwambia uchague?" akamuuliza. "Walikuja wakakupigia magoti, wakasema Hasani, tuliwe sisi ili wengine wapone?"

"Kabla hujapandisha hasira, tazama hii." Dokta akageuza skrini ya mezani kumwelekea. Ulikuwa ni Mwongozo wa Usomaji wa Ukanda, ukurasa wa thelathini na moja. *Slaidi isomwe ndani ya saa ishirini na nne.* Na chini, katika nafasi ya Mshauri Mkuu, sahihi ya Tunu mwenyewe.

Tunu aliisoma mara mbili. Maneno yale yalikuwa yake pia. Aliyaandika zamani kwa ajili ya mradi wa minyoo mikubwa, ambako saa ishirini na nne ni sawa kabisa. Mtu aliyachukua yalivyo akayabandika kwenye mradi wa safura, na siku waliyomletea kurasa arobaini asaini ilikuwa Ijumaa, anawahi msiba, akaweka kidole gumba bila kufungua hata ukurasa mmoja. Maana aliona jina lake juu ya mwongozo, na nani anayesoma maneno yake mwenyewe?

Akawa mdogo kama piritoni.

"Sikusudii kukutisha," Dokta akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomuudhi zaidi. "Lakini ukisimama leo, mtu wa kwanza kuanguka ni wewe. Leseni, pensheni, pengine na mahakama. Kwa kosa la bahati mbaya." Akavuta droo. "Siwema nampenda kama mdogo wangu. Chukua, akimeze leo, ajifungue salama."

Kilikuwa kidonge kimoja cheupe cha minyoo. Alikikata kutoka kwenye karatasi ya vidonge sita, na vitatu vilikuwa vimeshatolewa.

"Hivi vitatu alimeza nani?" Tunu akauliza.

Dokta akafunga droo. Alikuwa na mke na mtoto mmoja.

*

Tunu alikichukua kile kidonge. Na tusimpake mafuta: alikichukua kwa sababu alikitaka. Kutoka ofisini mpaka kliniki ni hatua mia na hamsini, na njia nzima alikuwa amekifumbata akijisemea kwamba Hasani si mtu mbaya. Sita kati ya kumi ni wengi. Yeye mwenyewe aliwahi kuzika mpwa wa mumewe, mtoto wa miaka minne, amevimba uso kwa safura. Kama kungekuwa na sita kati ya kumi siku zile, huenda yule angekuwa mmoja wao. Sasa asimame aseme, chanjo itupwe, na mtoto wa mtu mwingine huko mbali afe kwa sababu Tunu Mhina alitaka kusema ukweli? Hilo nalo si dhambi? Kila akilishika upande huu, upande wa pili unamponyoka.

Siwema alikuwa bado benchini. Tunu akampa kidonge na chupa ya maji, akamwambia meza. Akameza.

"Dirisha limekubali?"

"Hapana. Amenipa Dokta."

Siwema akafuta mdomo. Kulia kwake alikaa yule mwenye udongo, kushoto msichana mwingine ambaye miguu ilikuwa imevimba mpaka ndala hazimwingii. Wote wawili walikuwa wanamtazama Tunu, hawakuomba kitu, walikuwa wanangoja tu kama watu wanaogawiwa chakula.

"Vya wenzangu viko wapi, Shangazi?" Siwema akauliza.

Tunu akaitazama ile miguu iliyovimba. Na hasira iliyokuwa ikimtafuta mtu tangu asubuhi ikampata: alikuwa yeye mwenyewe, amesimama mbele ya wanawake wanane na mkono mtupu.

*

Ukumbi ulijaa. Baraza lilikaa mbele, watu saba kutoka nchi saba, na Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu na maneno machache. Ukutani iliandikwa sifuri kubwa ya kijani, na utaratibu ulitaka Mshauri Mkuu asimame, aithibitishe kwa kidole, kisha cheti kisomwe.

Tunu alisimama. Dokta Shekalaghe alimtabasamia kutoka mstari wa mbele, tabasamu la watu walioelewana.

"Siwezi kuithibitisha," Tunu akasema. "Sifuri hiyo si kweli. Slaidi zetu zinasomwa mayai yakiwa yameshayeyuka. Kosa ni la mwongozo, na mwongozo niliusaini mimi bila kuusoma. Andikeni hivyo, Tunu Mhina, hakusoma. Leo asubuhi nimemkuta mjamzito ana mayai zaidi ya mia mbili kwenye nusu slaidi, na bangili yake inasema ni safi."

Ukumbi ukaanza kuvuma. Mwenyekiti aliinua mkono.

"Chanjo inakinga wangapi?"

"Sita kati ya kumi. Aliyepima amekaa pale." Hakumwonyesha kwa kidole. Kila mtu alifuata macho yake.

"Mama, unaelewa kwamba sheria yetu haina sita? Nikifunga faili hili, nchi kumi na moja zinaanza upya. Miaka."

"Basi sheria yenu ni ya ajabu," Tunu akasema. "Inakinga sita, semeni sita. Chanjeni wote, na hao wanne wapeni kidonge. Ni dawa ya siku zote, babu zetu waliimeza. Ninyi ndio mliokataza kidonge ili namba yenu ipendeze, na ninyi ndio mnaotaka namba ipendeze ndiyo mtoe chanjo. Sasa mnaniuliza mimi kama naelewa? Wale watoto wa nchi kumi na moja nitawabeba moyoni, siwezi kukwepa. Lakini msinibebeshe peke yangu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akafunga faili.

*

Usiku ule ule ujumbe uliingia: leseni ya Tunu Mhina imesimamishwa. Cheti kimesimama, na katazo la vidonge limelegezwa kwa sharti moja. Atakayepewa ni mkazi aliyekutwa na mayai, kwa darubini, na msomaji mwenye leseni. Jicho haliaminiki tena.

Saa moja asubuhi foleni ilikuwa imetoka mlango wa stoo ikazunguka zahanati. Habari ilikuwa imefika vijiji vyote sita. Watu walikuja na vikopo, makopo ya siagi, vifuko, mwingine amefungia kwenye jani la mgomba. Wajawazito waliwekwa mbele. Tunu aliandaa slaidi moja moja, akizipanga mezani, huku anajua kwamba hawezi kutia sahihi hata moja. Alijua pia kwamba saa inakwenda.

Dokta Shekalaghe alifika saa moja na nusu. Alisimamisha gari lake, akabaki ndani mlango wazi, hajashuka wala hajaondoka. Tai hakuvaa. Watu walimtazama tu, hakuna aliyemsalimu.

Kisha foleni ikasogea, na mama mmoja mzee, mwembamba, akafika mezani na kikopo chake amekifunika kwa kitambaa safi. Tunu alimjua. Kijiji kizima kilimjua Bi Mwanahawa Shekalaghe. Viganja vyake vilikuwa vyeupe.

"Mwanangu aliniambia kizunguzungu ni uzee," akasema, bila lawama, kama anayetoa maelezo hospitali. "Nikasema na mimi nije, mnisomee."

Tunu alipokea kikopo kwa mikono miwili. Wavu, kijiti, kitundu, selofani. Aliiweka slaidi chini ya darubini, akatazama, akainuka kitini. Akatoka mpaka mlangoni, akasimama pale kila mtu anapoweza kumsikia.

"Dokta," akasema, "leseni yangu wameichukua. Yako bado ipo. Ya mama yako nimeiandaa sasa hivi, na hizi nyingine mezani zimebakiza dakika ishirini."

Dokta akatazama mlango wa stoo, akazima gari. Kisha akashuka. Foleni ikaachana akapita katikati, akaingia, akaketi kwenye kiti cha Tunu, akavua miwani na kuinamia darubini. Mkono wake wa kushoto ulipapasa mezani, ukakishika kihesabio, kile kidude cha kubonyeza kila uonapo yai.

"Unaona nini, Hasani?" mama yake akauliza.

Kidole cha Dokta kikaanza kubonyeza, na watu wote wa foleni wakanyamaza wakikisikiliza, na kikaendelea kubonyeza.